Barabara Iliyopewa Namba

Vijana wa kambi, siku mliponiaga mlinipa blanketi, thamosi, na dakika tano za kuongea. Blanketi ni zuri, mama watoto amelichukua tayari. Dakika tano hazikutosha hata kueleza vile greda inavyowashwa asubuhi ya Julai, wakati ukungu umelala Mweiga na mafuta yamekuwa mazito kama uji. Basi nimenunua daftari. Nitaandika polepole kwa maana mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Lakini kama kuna mtu kati ya Karatina na Timau anayejua kuweka mgongo wa barabara kunishinda, na aje nimwone. Mainjinia waliosoma ng'ambo walikuwa wakisimama kando yangu wakiuliza, "Wachira, hapa maji yataenda wapi?" Nilionyesha kwa kidole, na maji yakaenda hapo.

Habari ya vyeo sitaandika. Mshahara pia mnaujua.

Jambo ninalotaka kuandika ni moja ambalo nililifanya zaidi ya miaka ishirini bila kulielewa. Barabara inalipwa na nani? Kuichonga nimeichonga, kuimwagia marram, ule udongo wa changarawe, nimeimwagia, nimezika kalvati za maji zaidi ya watu niliowazika. Lakini kila nilipouliza pesa zinatoka wapi na zinaamuliwa vipi kwenda pale na si hapa, nilipewa jibu, na kila jibu lilikuwa tofauti, na kila aliyejibu alikuwa na uhakika. Kama kati yenu kuna mwenye kuelewa, anieleze kabla sijafa. Asije na karatasi. Aje na mdomo.

Nilifika kambini uhuru ukiwa bado mpya. Nyapara alinipa karai, sururu na jembe, akanielekeza mtaro unaotoka langoni mpaka mtoni. Nilichimba siku nzima. Nilitaka waone kwamba wameajiri mwanamume, kwa hivyo nilichimba mtaro wenye kuta zilizosimama wima, kina kifuani, safi kabisa. Jioni greda ilisimama juu yangu, na dereva akainama kutoka kwenye kiti.

"Kijana," akasema, "unamzika nani?"

Huyo ndiye Mzee Salim wa Majengo, Nyeri mjini. Baba yake alipanda huku na reli kutoka pwani, mama yake alikuwa Mgikuyu wa Mathira, na yeye alizungumza Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi wengine tukaona aibu kufungua midomo. Alishuka, akachukua jembe langu, akaulaza ukuta wa mtaro taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Akaniambia mtaro wa wima hubomoka mvua ya kwanza, na gari likitumbukia humo halitoki. Mtaro unatakiwa kulala, ili maji yatembee na gurudumu liweze kupanda. Kazi yangu ya siku nzima aliirekebisha hatua tatu, akaniachia zilizobaki. Nilizimaliza siku mbili baadaye, na tangu hapo hakuna mtaro wangu uliomzika mtu.

Mzee Salim ndiye aliyenifundisha greda. Hakuwa na kipimo kingine ila kopo la maziwa la bati lililojaa maji. Tukimaliza kipande cha barabara, anashuka, anamwaga maji katikati kabisa, anatazama. Yakigawanyika nusu kulia, nusu kushoto, tunaendelea. Yakikaa pale pale kama mgeni asiyejua kwenda nyumbani, tunarudia. Injinia mmoja alimcheka, akatoa chombo chake cha miguu mitatu, akapima. Chombo kikasema sawa. Maji yakakaa. Mzee Salim akamwambia kwa heshima zote, "Bwana Injinia, maji hayajui wewe ni nani." Wiki mbili baadaye pale palikuwa na shimo la kuogea bata.

Yeye ndiye wa kwanza niliyemuuliza. Tulikuwa tunakunywa chai chini ya bledi ya greda.

"Mzee Salim, hii dizeli inalipwa na nani?"

"Serikali."

"Na serikali inatoa wapi?"

"Kwa wenye magari. Kila galoni ya petroli serikali huchukua chake. Na kila mwaka mwenye gari hukata leseni."

"Na baba yangu hana gari. Hata baiskeli hana. Yeye halipi?"

"Baba yako hanunui sukari? Sukari ilikuja kwa miguu?"

Nikamuuliza karani wa kambi. Akasema petroli ni mambo ya barabara kubwa. Hizi ndogo za vijijini zinalipwa na kahawa, baraza la wilaya hukata kidogo kwa kila kilo ya mkulima, na hicho kidogo ndicho hutengeneza njia ya kupeleka kahawa kiwandani. Baba yangu alikuwa na miti mia mbili ya kahawa. Nikamuuliza injinia. Akacheka, akasema hayo yote ni ya kununulia ufagio. Barabara yenyewe inajengwa kwa mkopo wa wageni, na tutaulipa sisi na watoto wetu. Halafu Jumapili chifu akaitisha harambee ya daraja la kwetu, na baba yangu akatoa jogoo.

Basi nikapiga hesabu kwa vidole. Baba yangu alikuwa amelipia barabara kwa sukari, kwa kahawa, kwa deni la watoto wake, na kwa jogoo. Na barabara ilikuwa haijafika kwake. Nilipomweleza, alisema labda inakuja polepole kwa sababu inatoka mbali.

Jambo la pili lililonichanganya ni kalenda. Mwaka wa serikali unaisha Juni. Mvua kubwa huku mlimani inaanza Machi na kuvunja kila kitu Aprili na Mei, wakati mfuko umekauka na greda imeegeshwa haina hata mafuta ya kupaka. Mwaka mpya unaanza Julai, lakini barua ya ruhusa ya kutumia pesa inapitia meza nyingi, inatufikia Septemba, Oktoba. Tukianza kumwaga marram, mvua ya vuli hiyo. Kisha kuna ile miaka ambayo pesa zilipatikana ghafla mwanzo wa Juni, na ofisi ikasema zisipotumika kabla ya mwezi kwisha zitarudi zilikotoka. Wiki hizo tulichonga barabara ambazo tulikuwa tumezichonga. Niliwahi kuchonga kipande kimoja mara tatu kwa siku kumi, mpaka mchungaji mmoja wa mbuzi akanijia, akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza hapo.

Lakini hayo ni ya kawaida, na ninyi mmeyaona. Ninachotaka kuandika ni habari ya barabara ya maziwa, kwa sababu naisikia ikisimuliwa vibaya kantini, na mimi ndiye niliyekuwa hapo.

Wakati huo nilikuwa fomani, msimamizi wa kazi. Mnajua kadi ya kazi: greda haitoki langoni mpaka karani agonge muhuri, na karani hagongi muhuri mpaka kadi iwe na namba ya barabara, ile herufi na tarakimu zilizoko kwenye ramani ya ofisi. Barabara isiyo na namba haina dizeli. Sasa, nchi yote ya Mweiga ilikuwa mashamba ya wazungu. Namba ya serikali ilifika kwenye lango la shamba, na kutoka lango kwenda ndani mzungu alitengeneza mwenyewe na trekta yake. Uhuru ulipokuja, mashamba yakagawanywa, mzungu akaenda na trekta. Watu mia mbili wakahamia mahali ambapo ramani ilisema panaishi mtu mmoja. Namba ilibaki imesimama langoni kama mbwa aliyefungwa.

Sisi mafomani tulikuwa na dawa yetu. Iliitwa kukopa namba. Unapata shida kwenye njia isiyo na namba, unaandika kadi kwa namba ya barabara nyingine iliyo karibu, unatengeneza, unarudi. Kila kambi ilifanya. Hakuna aliyeona ni dhambi, kwa maana hakuna aliyekula kitu. Dizeli ilichomeka barabarani, si ndio?

Mama Nyawira alikuja kambini mwezi wa nne, mvua inanyesha, amejifunika gunia la mbolea. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, akina mama kumi na wanane, wengi wajane au wenye waume walioko Nairobi, ambayo ni karibu kitu kimoja. Lori la maziwa lilikuwa likiingia maili nne kutoka langoni mpaka kwao. Na njia hiyo hawakuwa wameiacha tu. Kila Jumamosi kila mama alikuwa na kipande chake cha mtaro, hatua kumi na mbili, na asiyekuja alitozwa chupa ya maziwa. Nilikuwa nimeipita njia hiyo mara moja, na ninasema bila wivu, mitaro yao ilikuwa imelala vizuri.

"Baba Wangeci," akasema, kwa sababu alimjua binti yangu shuleni, "tumeshindwa pale bondeni. Ile udongo nyeusi. Lori imekwama mara mbili, na dereva amesema ikikwama ya tatu haitaingia tena. Itasimama kwa lango."

"Si mtabeba mpaka langoni?"

"Maili nne na punda? Ikifika imeganda. Wewe unaweza kunywa, lakini kiwanda haiwezi kununua." Akavua gunia, akalikung'uta. "Mimi niko na ng'ombe tatu. Hizo ndio mume wangu. Lori ikisimama kwa lango, mwisho wa mwaka Nyawira wangu atarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na watoto wa wale wengine pia."

Nikamwambia njia yao haina namba. Akaniuliza namba ni kitu gani. Nikaeleza. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akasema, "Hiyo namba ndiyo inazuia lori kuteleza?"

Nilikopa namba. Nilichukua ya barabara ya msituni, ile inayopanda kuelekea Nyandarua, ambayo wakati huo ilipitiwa na askari wa misitu na ndovu. Niliandika kadi, karani akagonga, nikapanda greda mwenyewe. Siku tatu. Tulichota ule udongo mweusi, tukajaza mawe kutoka mtoni, akina mama wakiyabeba kwa kamba kichwani, juu tukatandaza marram, nikainua mgongo, nikalaza mitaro. Nilimwaga kopo la maji, yakagawanyika kama mtu aliyekata mkate kwa kisu. Siku ya nne lori lilipita bondeni bila hata kubadilisha gia. Nililishwa mukimo wa viazi na mahindi mpaka nikashindwa kupanda greda. Barabara nzuri kuliko hiyo sijawahi kutengeneza, na nimetengeneza nyingi nzuri.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja Injinia Mugambi, kijana wa Meru, mtulivu, akaja na Land Rover ndani yake wageni wawili. Walikuwa wa lile shirika lililokuwa linafikiria kutoa mkopo wa barabara za vijijini, na walitaka kuona barabara moja iliyotunzwa vizuri kwa gharama ndogo.

"Nimepitia kadi zote," Injinia akaniambia akitabasamu. "Ile yako ya msituni imeshinda. Siku tatu, dizeli kidogo. Twende utuonyeshe."

Ningesema nini? Nilipanda. Niliomba Land Rover iharibike. Haikuharibika. Tulipanda mpaka msituni, na barabara ikazidi kuwa nyembamba, nyasi katikati zikawa zinasugua tumbo la gari, mpaka tukafika kwenye rundo la mavi ya ndovu ambalo dereva alilizunguka kwa heshima. Injinia akasema tusimame. Wageni wakashuka, wakapiga picha ya mavi.

Injinia akanivuta kando. "Wachira. Kazi iko wapi?"

"Kazi iko, Bwana Injinia. Lakini haiko hapa."

"Iko wapi?"

"Kwa barabara nyingine."

"Barabara namba ngapi?"

"Haina namba."

Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo. Halafu akasema tuende. Tulishuka mpaka langoni, tukaingia ile ya maziwa. Wageni wakakaa wima. Bondeni wakaomba kushuka, wakatembea juu yake, wakasukuma marram kwa kiatu, wakaniuliza kupitia kwa Injinia nilitumia chombo gani kupima. Injinia alifungua ramani juu ya boneti.

"Wachira, hii barabara haiko," akanong'ona.

"Bwana Injinia, umesimama juu yake."

"Najua nimesimama juu yake. Nakuambia haiko. Ile ya msituni iko, na ofisini imetengenezwa, kwa hivyo mwaka huu wameikata kwa orodha. Askari wa misitu wameandika barua tatu wakilalamika, na wanajibiwa kwamba barabara yao ni nzuri. Unaona kitu umefanya?"

Nikaona, na tena sikuona. Nilikuwa nimetengeneza barabara ambayo haiko, na kuharibu ambayo iko kwa kuandika ni nzima. Niliuliza kama nitafukuzwa. Kunifukuza, akasema, ni lazima aandike sababu, na sababu yenyewe inasimama juu ya barabara ambayo haiko. Njia moja tu ilikuwepo, ya kuokoa kila mtu: barabara ya maziwa ipewe namba.

Ilipewa. Karatasi zilizunguka karibu mwaka, lakini namba ikaja, na kigingi cha saruji kikaletwa kutoka Nyeri, urefu wa mtoto wa darasa la nne, kimechorwa herufi na tarakimu kwa rangi nyeusi. Tulikisimamisha pale kwenye lango la zamani la shamba. Akina mama waliimba. Mbuzi alichinjwa. Nilipewa nafasi ya kuongea, nikaongea, na ninakumbuka nilijisifu kidogo. Chifu akaongea baada yangu. Akasema kuanzia leo barabara hii ni mali ya serikali, inalipiwa na serikali, na mtu yeyote atakayeonekana anachimba barabara ya serikali bila ruhusa atajieleza mbele yake.

Jumamosi iliyofuata Mama Nyawira alipeleka jembe lake shambani.

Hapa sasa ndipo akili yangu inapotea. Namba iliingia kwenye orodha yetu, lakini mfuko haukuongezwa hata senti. Mkate ule ule, mlaji mmoja zaidi, na huyo mgeni anakaa mwisho wa meza. Mkopo wa wale wageni ulipatikana kweli, ukaenda wilaya nyingine. Injinia Mugambi akahamishwa. Aliyemfuata aliangalia orodha, akaniambia hiyo ya maziwa ni mpya na iko katika hali nzuri, itangojea. Ilingojea mwaka wa kwanza. Mitaro ikaota nyasi. Mwaka wa pili udongo ukashuka ukaziba mitaro, maji yakakosa pa kwenda, yakapanda katikati ya barabara, na mgongo wangu wote ule ukawa mfereji. Mwezi wa tano lori lilizama bondeni mpaka kwenye ekseli. Lilivutwa siku mbili baadaye. Dereva akashusha makopo matupu langoni, akawaambia akina mama kwamba kutoka sasa lori litasimama hapo.

Mama Nyawira akaja kambini. Safari hii hakukuwa na mvua, na hakuwa na gunia.

"Niko na ng'ombe mbili sasa," akasema. "Ya tatu imenunuliwa na watu wa Doldol, bei ya mbuzi. Greda inakuja lini?"

"Mama, hakuna dizeli. Labda baada ya Julai."

"Si tuliambiwa serikali inalipa?"

"Inalipa."

"Inalipa nani?"

Nikamuuliza kwa nini wasirudi kwa mitaro yao Jumamosi, kama zamani. Akaniangalia kama mtu aliyetemewa mate.

"Chifu alisema nini, na wewe umekaa hapo umeshiba mbuzi yetu? Njeri alitoa nyasi kwa mtaro mbele ya nyumba yake, akaitwa akaulizwa barua. Na wale wengine wananiuliza mimi, Mama Nyawira, tuchimbe bure kitu ambayo mtu mwingine amelipwa? Ni nani huyo amelipwa? Mniambie tumwone, tumwombe atuchimbie."

"Hakuna aliyelipwa, Mama."

"Basi hiyo namba inafanya kazi gani?"

Karani alikuwa anasikiliza dirishani. Alijaribu kusaidia. Alisema namba inaonyesha barabara iko. Mama Nyawira akamtazama, akatazama ramani iliyobandikwa ukutani nyuma yake, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa tumepanga mstari, ninaita majina, nikasikia kuimba. Walikuwa wanapanda kutoka upande wa mto, akina mama kumi na wanane. Wanne mbele walikuwa wamefunga kitu kwa kamba za kichwani, wameinama, wakichoka wanapokezana na wanne wengine bila kukiweka chini. Watu wangu wakavunja mstari. Kilipofika langoni nikakitambua. Kilikuwa bado na udongo miguuni.

Walikiweka chini mbele yangu, taratibu, kisivunjike.

"Tumerudisha mali ya serikali," Mama Nyawira akasema. Alikuwa hana pumzi, akangojea kidogo. "Hatujaiharibu. Angalia. Sasa andika umepokea."

Karani akasema hakuna fomu ya jambo kama hilo. Kuna fomu ya kupokea saruji, kuna ya kupokea mbao na misumari, lakini ya kupokea barabara hakuna. Mama Nyawira akasema wao watakaa. Wakakaa kweli, kwenye nyasi, wakitoa viazi na thamosi za chai, na mmoja akatoa kikapu akaanza kusuka. Watu wangu walikuwa wananiangalia. Nilijua nikitia sahihi, nitaulizwa. Nilijua pia kwamba nisipotia sahihi, hakuna mtu kutoka hapo mpaka Nairobi atakayeitia, kwa maana kila mmoja atatafuta fomu.

Niling'oa karatasi kwenye daftari la mahudhurio. Nikaandika kwa mkono wangu huu wa darasa la tatu: Nimepokea kigingi kimoja cha barabara, kizima. Nikatia sahihi, na karani, sijui alipatwa na nini, akafungua droo akaigonga muhuri bila kusema neno. Mama Nyawira alisoma mara mbili, akakunja, akaitia kifuani. Wakaondoka wepesi.

Jumamosi chifu aliambiwa kwamba kuna watu wanachimba. Niliambiwa alifika amekasirika na fimbo kwapani. Mama Nyawira alimpa karatasi. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akatafuta kigingi kwa macho pale langoni, akaona shimo. Akasema mtaro ule wa kushoto umekuwa mwembamba sana, akaenda zake.

Mimi nilingojea barua ya kufukuzwa. Haikuja. Mpaka siku mliponipa blanketi, kwenye orodha ya ofisi barabara ya maziwa ilikuwa bado na namba yake, kila mwaka iko mahali pake pa mwisho, kila mwaka imeandikwa hali nzuri. Na ni kweli iko katika hali nzuri. Kigingi kiko nyuma ya stoo, mnakalia mkinywa chai. Siku hizi nasikia magari yanasimamishwa barabara kubwa yalipe kabla ya kupita, na pengine hiyo ndiyo njia iliyonyooka, anayepita alipe. Lakini nikifikiria wale askari wa misitu na ile sukari ya baba yangu, najua kuna kitu bado sijakielewa.

Jumamosi ya pili baada ya kutia ile sahihi nilienda mwenyewe, bila greda. Nilibeba sururu na jembe. Bondeni nikakuta wameshajaza mawe upya. Nilidhani nitawaelekeza, nionyeshe mtaro unalazwa vipi. Nilianza kutembea juu na chini nikinyoosha kidole.

"Baba Wangeci," Mama Nyawira akasema bila kuinua mgongo, "kipande yako ni ile, kutoka kwa hiyo jiwe. Hatua kumi na mbili."

Nilisema nimekuja kusimamia.

"Hapa hakuna fomani," akasema. "Na ukikosa wiki ijayo utaleta chupa ya maziwa."

Akina mama wakacheka, na mimi nikavua koti. Nilichimba hatua zangu kumi na mbili, na nilikuwa nimefika ya tisa tuliposikia lori linashuka bondeni, mara ya kwanza tangu lizame, polepole, makopo yakigongana nyuma. Tukasogea kando likapita.